Nimepewa rufaa kwa mwanasaikolojia: huko ndani kuna nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36, naishi Makambako. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Tangu Januari silali vizuri. Moyo unadunda ghafla, hata nikiwa darasani, mikono inatoka jasho, nahisi nakufa. Nimepima malaria, taifodi, presha na kipimo cha moyo, vyote safi. Daktari wa mwisho akasema nina mawazo, akaniandikia rufaa nikamwone mwanasaikolojia Mbeya. Nimepangiwa wiki mbili zijazo. Sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo na naogopa. Ataniuliza nini? Atanipa dawa? Mkuu wa shule atajua? Nitakwenda mara ngapi, maana nauli na ruhusa ya kazini ni shida? Mume wangu anasema ningekwenda kwenye maombi tu."

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole sana na msiba wa mama, na pole na miezi hii ya kupima kila kitu na kuambiwa huna kitu. Najua neno "vipimo viko safi" linavyomuumiza mtu ambaye usiku uliopita alikuwa ameketi kitandani akisubiri kufa. Moyo wako unadunda kweli, jasho linatoka kweli, usingizi haupo kweli. Hizo ni dalili halali, zina maelezo na zina tiba.

Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu woga wa kutojua unawarudisha watu wengi wakiwa wameshafika getini.

La kwanza ulijue kabla hujapanda basi: kikao cha kwanza hakitakupa jibu. Nimewaona watu wakitoka kwenye kikao cha kwanza wamenyong'onyea, wanamwambia aliyewasindikiza, "Ameniuliza maswali tu, hajaniambia nifanye nini." Baadhi yao hawarudi tena. Siwalaumu. Tumelelewa kwenda kwa shangazi, kwa mzee wa ukoo au kwa mchungaji: unaeleza, unasikilizwa, unaambiwa la kufanya, unarudi nyumbani. Ni utaratibu mzuri na umeokoa ndoa nyingi. Ila wewe ushauri umeshaupata wa kutosha. Nina hakika umeambiwa usiwaze sana, mama amepumzika, jikaze kwa ajili ya watoto. Kama maneno hayo yangetosha, ungekuwa unalala. Mtaalamu atauliza sana kwa sababu anatafuta kinachoiendesha shida yako leo, na mara nyingi mwenye shida mwenyewe hakioni. Hicho hakipatikani kwa dakika kumi.

Ukifika hospitali utaanza kama mgonjwa mwingine yeyote: mapokezi, kadi, dirisha la bima au malipo, kisha benchi. Nikwambie mapema kwamba kwenye hospitali zetu nyingi za rufaa, chumba cha mwanasaikolojia kiko ndani ya kliniki ya afya ya akili au jirani nayo. Unaweza ukakaa karibu na kijana anayeongea peke yake, ameletwa na kaka zake, au mama aliyekuja kuchukua dawa za kifafa za mwanawe. Ni wagonjwa wanaosubiri zamu kama wewe. Kuketi nao hakukupi ugonjwa wao wala jina lao, na ukikutana na mtu unayemfahamu pale, kumbuka naye amekuja kwa shida yake.

Ndani utakuta viti viwili, meza, pengine boksi la tishu. Kile kitanda cha kulalia kinachoonekana kwenye filamu hakipo. Mtaalamu atajitambulisha, ataeleza amesomea nini, kikao kitachukua muda gani (kwa kawaida dakika 45 hadi 60), na mambo gani yatabaki siri. Asipoyaeleza, muulize, ni haki yako na hatachukia. Kisha atasema kitu kama, "Nieleze kilichokuleta." Hapo ndipo wengi hukwama. Ulichoniandikia mimi ndicho hasa anachokihitaji. Kinakili kwenye karatasi, na koo likikauka mpe akisome.

Maswali yatakayofuata ni ya kina. Mara ya kwanza moyo kudunda hivyo ulikuwa wapi, unafanya nini, na nani yupo? Inachukua dakika ngapi? Ikianza unafanya nini? Umeacha kufanya nini kwa kuiogopa: kupanda daladala, kwenda sokoni, kukaa katikati kanisani? Atauliza chakula, hedhi, pombe, na dawa zote unazotumia zikiwemo za kienyeji, na anauliza ili ajue, si ili akuhukumu. Atauliza ndoa, uzazi, mimba zilizoharibika kama zipo, utoto wako. Lipo swali hujawa tayari kulijibu? Sema tu, "Hilo tuliache kwanza." Kikao hakivunjiki kwa sababu hiyo.

Kuhusu mama hataishia kuuliza alifariki lini. Atataka kujua nani alikupigia simu, ulifikaje, nani aliendesha msiba. Nimekutana sana na binti mkubwa wa familia ambaye, wakati wenzake wanalia, yeye alikuwa anahesabu michango, anatafuta turubai, anaagiza mchele na maharage, anaangalia wageni kutoka Dar wamelala wapi. Tanga likaondolewa, watu wakatawanyika, shule ikafunguliwa, akarudi darasani na chaki mkononi. Hakupata hata siku moja ya kuwa mfiwa. Miezi mitano baadaye mwili unaanza kudai, na kwa kuwa umedai kwa njia ya moyo na jasho, hakuna anayeuhusisha na msiba. Kama kilio kitakuja hapo chumbani, kiache kije. Kama kinakuja na maneno ya Kibena, yaseme kwa Kibena hivyo hivyo. Kutafsiri kutafuata baadaye. Na kama huwa unasikia sauti ya mama jikoni, au unahisi amepita mlangoni, mwambie bila hofu. Kwa wafiwa jambo hilo ni la kawaida, na peke yake si dalili ya kurukwa na akili.

Huenda pia ukapewa karatasi ya maswali. Moja inayotumika sana duniani, na iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, inaitwa PHQ-9. Ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unalijibu kwa namba kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Jumla ikifika 10 tunaanza kuifikiria sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kwa uzito. Usiifanye kama mtihani, mwalimu. Hakuna kufaulu wala kufeli. Tunairudia kila baada ya vikao kadhaa ili tuone kwa macho kama namba inashuka.

Swali la mwisho kwenye karatasi hiyo linauliza kama umeona ni heri ungekufa, au umefikiria kujidhuru. Mtaalamu mzuri atakuuliza hilo kwa mdomo pia, waziwazi, bila kuzunguka. Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu sisi watu wa Iringa na Njombe tuna mzigo wetu. Mimi ni Mhehe. Tangu utoto nausikia utani kwamba Mhehe ukimuudhi anatafuta kamba, na wapo wanaomtaja hadi Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Wengi wanaotania hawana nia mbaya, lakini utani huo umefunga midomo ya watu. Mtu anayewaza kufa atasemaje mbele ya wenzake ambao watacheka, au watamwambia "ndiyo damu yenu"? Si damu. Mawazo hayo huja pamoja na sonona, pombe, madeni, aibu na maumivu ya muda mrefu, huja kwa kabila lolote, na hutibika. Wala kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jambo hilo limechunguzwa mara nyingi, na kinachoonekana ni kwamba baadhi hata wanapata nafuu mtu akithubutu kuwauliza.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu ukweli. Ukisema, "Ndiyo, kuna asubuhi natamani nisingeamka," hutafungiwa wodini kwa kauli hiyo peke yake. Atauliza zaidi: wazo linakuja mara ngapi, limefika mahali pa kupanga au linapita tu, nani nyumbani anajua, nani anaweza kukaa nawe usiku, na kama ndani kuna sumu za shambani zinazofaa kuhamishiwa kwa jirani. Mtaandika pamoja utafanya nini likija tena. Hiyo ni sehemu ya tiba, na kwa baadhi ya watu ndiyo sehemu iliyowabakiza hai.

Usishangae akirudi kwenye mwili pia. Nyanda zetu hizi zilikuwa miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyosumbuliwa sana na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kwa upungufu wa madini joto, ndiyo maana watu wazima wa huku wanakumbuka vidonge vya madini joto na kampeni za chumvi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inadundisha moyo, inatoa jasho, inanyima usingizi, inakondesha, na mtu anaonekana kama mwenye wasiwasi tu. Upungufu wa damu nao unadundisha moyo. Katika vipimo ulivyonitajia sikuona cha tezi wala cha wingi wa damu. Beba majibu yako yote, na uliza kama hivyo viwili vimefanyika. Mwanasaikolojia makini hatachukia ukiuliza. Mimi humrudisha mtu maabara kwanza nikiwa na shaka.

Sasa mkuu wa shule. Faili lako si mali ya mwajiri, na mtaalamu hana ruhusa ya kumpigia simu kumweleza habari zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukihitaji karatasi ya kuonyesha kazini, omba iandikwe kwamba ulihudhuria hospitali tarehe fulani, bila kutaja kliniki gani. Siri hiyo ina mipaka, na utaambiwa mapema: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anafanyiwa ukatili, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua atoe taarifa, na mahakama ikitoa amri. Pia wataalamu huwa na wasimamizi wanaojadiliana nao kazi zao, lakini huko jina lako halitajwi. Mumeo naye yumo ndani ya siri hiyo. Akipiga simu kuuliza "amesema nini?", jibu linalotakiwa ni kwamba akuulize wewe.

Kuna jambo dogo ambalo kwetu linaweza kuonekana ni utovu wa adabu. Mkikutana Mwanjelwa sokoni, mtaalamu anaweza kukupita bila kukusalimia. Hajakudharau. Akikusalimia kwa jina, shemeji yako aliye pembeni atauliza, "Huyo mnafahamiana wapi?" na utalazimika ama kudanganya ama kueleza. Wewe ukimwanza, ataitikia, ataishia hapo, na habari za chumbani hatazigusa.

Tiba yenyewe itategemea alichokiona, lakini kwa dalili ulizoniandikia naweza kukuonyesha sura yake. Ataanza kukueleza kinachotokea mwilini. Hofu ikiwaka, mwili unamwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kukimbia au kupigana. Moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi na za haraka, hewa ya ukaa kwenye damu inapungua, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Wewe unasema moyoni, "Nakufa." Wazo hilo ni la kutisha kuliko dalili yenyewe, kwa hiyo mwili unamwaga adrenalini nyingine. Inapanda, inafika kileleni ndani ya dakika chache, halafu inashuka yenyewe. Lakini kwa sababu kila mara umekimbia, umetoka darasani, umemeza kidonge, umekwenda zahanati, unabaki kuamini kwamba kukimbia ndiko kulikokuponya. Ndiyo maana inarudi.

Kisha atakupa kazi ya nyumbani. Utaombwa uandike kwenye daftari kila inapotokea. Tuseme umeandika hivi: "Jumanne, saa 4:20 asubuhi, Kidato cha Pili. Moyo, jasho. Nimewaza: nitaanguka mbele ya wanafunzi. Nimetoka, nimekaa ofisini. Baada ya dakika 15 imeisha." Mtaisoma pamoja, naye atauliza, "Tangu Januari umeanguka mara ngapi?" Utafikiri, utasema hata mara moja. "Sasa wiki hii, ikija, tujaribu ubaki darasani. Waachie wanafunzi wanakili notisi, wewe egemea meza, usihesabu mapigo. Tuone hizo dakika 15 zinaishaje." Huenda hata akakwambia mpande ngazi pamoja hadi moyo uende mbio, kisha mkae muusikilize ukishuka. Inashangaza, lakini ina sababu: unajifunza kwa mwili wako kwamba moyo kwenda mbio si kufa. Njia hii ya kuchunguza mawazo na kuyajaribu kwa vitendo ilijengwa na Aaron Beck na wenzake nchini Marekani kuanzia miaka ya 1960, na ni miongoni mwa tiba zilizopimwa zaidi kwa wasiwasi na sonona.

Kwa upande wa msiba, kazi ni ya polepole zaidi. Utasimulia. Siku mama alipougua, siku ya mwisho mliyoongea, jambo ambalo hukumwambia. Wengine hupewa kazi ya kumwandikia marehemu barua na kuisoma kikaoni. Wengine tunapanga siku ya kwenda kaburini, tukikubaliana kabla nani atakusindikiza. Hapa ndipo inapouma, na sitakuficha: baada ya kikao cha pili au cha tatu watu wengi hujisikia vibaya kuliko walivyokuja. Unaweza ukalia kwenye basi tangu Uyole hadi Igawa, ukaota mama usiku. Siku ya kikao usijipangie kusahihisha mitihani jioni, wala kuanzisha na mumeo ule mjadala wa ada. Uzito huo huwa unalegea ndani ya siku mbili tatu. Usipolegea, mpigie mtaalamu, usisubiri tarehe.

Nasikia pia watu wakisema haya ni mambo ya Wazungu. Basi tusiende mbali. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Wanakijiji wenye sonona, ambao tayari walikuwa wamelemewa na misiba ya UKIMWI, walikaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, bila dawa. Walipoanza, watu 86 kati ya 100 kwenye vikundi walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki kama 6 au 7 kati ya 100. Vijiji ambavyo havikupata vikundi, walibaki wapatao 55 kati ya 100. Hapa kwetu, Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watoto waliofiwa na wazazi walipewa tiba ya kuongea kuhusu msiba wao kwa vikundi, na katika sehemu kubwa ya maeneo hayo walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hayo yalichapishwa 2020. Ni watu wetu, misiba yetu, lugha zetu. Msichana wa Masaka aliyemzika mama yake hakuhitaji kuwa Mzungu ili kuongea kumsaidie.

Utakwenda mara ngapi? Kwa hali kama yako, wengi tunapanga vikao 8 hadi 16, kila wiki mwanzoni, baadaye kila baada ya wiki mbili. Uchambuzi mmoja maarufu wa Marekani wa mwaka 1986 ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wameonyesha nafuu kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia cha 26. Kwa hiyo usipime kwa kikao kimoja, na usikubali pia kuendelea mwaka mzima bila mabadiliko yoyote na bila mtu kuuliza kwa nini.

Makambako hadi Mbeya na kurudi ni siku nzima, na kila wiki haiwezekani kwa mwalimu mwenye vipindi. Liseme hilo kikao cha kwanza kabisa, usione aibu, kwa sababu mpango unajengwa juu ya uwezo wako. Mnaweza kukutana ana kwa ana mara mbili tatu za mwanzo, kisha mkaendelea kwa simu, ukiwa umekaa mahali ambapo hakuna anayesikia. Mnaweza kuweka vikao wakati wa likizo. Anaweza kumfahamu mwenzake aliye Njombe. Na kabla ya safari piga simu ofisi ya bima uulize kama huduma hii imo kwenye kifurushi chako, na kama rufaa uliyonayo inatosha. Watu hurudishwa dirishani kwa muhuri mmoja tu.

Dawa: mwanasaikolojia haandiki dawa. Akiona unazihitaji atakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, na hilo halimaanishi umeshindikana. Fluoxetine na amitriptyline ndizo zinazotajwa sana kwetu. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na maudhi madogo kama kinywa kukauka au usingizi mzito mara nyingi huja kabla ya nafuu, jambo linalowafanya watu waziache mapema mno. Ukianza, usiache ghafla bila kuongea na daktari. Na kama tayari unameza vidonge vya usingizi ulivyonunua duka la dawa, vitaje.

Mumeo amependekeza maombi kwa sababu anakupenda na haoni la kufanya. Nenda kwenye maombi. Mtaalamu hatakuambia uache imani yako. Akikuambia hivyo, amekosea. Wagonjwa wangu wengi wanaomba asubuhi na kuandika daftari jioni. Ninachokataa ni pale mtu anapoambiwa kwamba kumeza dawa au kuonana na mtaalamu ni kukosa imani, au anapoombwa pesa kila wiki kwa ahadi ya kumfungua. Mwambie mumeo aje nawe mara moja kama utapenda. Kumsikia mtaalamu akieleza mambo ya adrenalini humtuliza mume kuliko maelezo yako mia.

Na inawezekana huyo mtu asikufae. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba ushirikiano wa tiba una nguzo tatu: mmekubaliana mnakwenda wapi, mmekubaliana njia ya kufika, na kuna kuaminiana. Tafiti nyingi baada yake zimeonyesha kwamba ushirikiano huo ni mojawapo ya mambo yanayotabiri nani atapona. Mtu mmoja kati ya kumi hadi ishirini huondoka kwenye tiba akiwa na hali mbaya zaidi, na mara nyingi alikuwa ameliona mapema lakini alinyamaza kwa heshima. Sisi watu wa huku tunaheshimu mno. Tunasema "sawa daktari" kumbe hatujaelewa, tunasema "naendelea vizuri" kumbe hatujalala. Mwambie: "Kazi ya daftari sijaifanya, sikuielewa." "Jana ulipocheka niliumia." "Naona hatuendi." Huwezi kuamini jinsi kikao kinavyobadilika mtu akisema hivyo, mimi hujifunza zaidi kwenye sentensi moja ya namna hiyo kuliko kwenye "asante" kumi. Usiposikilizwa baada ya kusema, omba kubadilishiwa mtu.

Yapo yasiyojadiliwa. Mtaalamu anayekushika kwa namna isiyofaa, anayekutongoza, anayekuita kwake nyumbani au kukutana hotelini, anayekukopa hela, anayekwambia usimwambie mtu yeyote kinachotokea kikaoni: ondoka, na utoe taarifa kwa uongozi wa hospitali. Siri ni ya kukulinda wewe. Wewe una ruhusa ya kumsimulia yeyote unayetaka. Hata urafiki wa kawaida hatauanzisha, na ukimpelekea gunia la viazi kwa shukrani anaweza kulikataa kwa upole, usimfikirie vibaya.

Katika wiki hizi mbili punguza kahawa na chai ya rangi kuanzia mchana, maana zinachochea moyo unaodunda. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala. Anza daftari sasa, mistari miwili tu kila inapotokea, na usijilazimishe kutatua kitu. Lakini ukianza kuwaza kufa kwa namna ya kupanga, usisubiri tarehe ya Mbeya: nenda hospitali iliyo karibu saa yoyote, mchana au usiku, mtu akusindikize, na useme neno hilo lenyewe mapokezi ili wasikupange kwenye foleni ya malaria. Tarehe ya rufaa ikigongana na mitihani, piga simu kliniki siku moja au mbili kabla ubadilishiwe. Usiiache tu ikapita.